Okidi Iliyohamishwa Isiharakishwe

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Lakini kwa okidi iliyohamishwa chungu, jembe halina budi kungoja majuma kadhaa.

Okidi nyingi si mimea ya udongoni. Katika pwani ya Kenya, ile ambayo wataalamu huiita Ansellia africana hukaa juu ya matawi ya miti, mizizi yake ikipigwa na upepo. Mizizi ya okidi za namna hiyo imevikwa ganda jeupe kama sifongo, linyonyalo maji ya mvua upesi na kukauka upesi vilevile. Ikizikwa katika udongo mzito hukosa hewa, ikaoza.

Mwenye okidi akiisha kuihamisha huona majani yamenywea. Basi kwa huruma huimwagia maji kila siku, huitia mbolea, kisha huiweka juani ipate nguvu. Kumbe huruma hiyo ndiyo iuayo. Majani yamenywea kwa kuwa mizizi imeumia na haiwezi kunywa. Maji yakizidi, mizizi iliyosalia huoza pia.

Njia iliyo bora ni hii. Okidi ihamishwe baada ya maua kuanguka, mizizi mipya inapoanza kuchipua. Mizizi iliyooza, ambayo huwa laini na ya rangi ya kahawia, ikatwe kwa kisu kikali kilichopitishwa motoni. Ile iliyo migumu iachwe. Chungu kiwe na matundu, wala kisiwe kikubwa kuliko mahitaji ya mizizi, nacho kijazwe vipande vya maganda ya miti na makaa. Shina lifungwe kwenye kijiti lisitikisike, maana ncha changa za mizizi huvunjika kwa urahisi.

Kisha mmea uwekwe kivulini penye hewa ya unyevu, usinyweshwe kwa siku chache mpaka majeraha yakauke. Baada ya hapo upewe maji asubuhi, na usipewe tena mpaka mizizi igeuke kutoka kijani kuwa nyeupe. Maji yasituame katikati ya majani. Mbolea isitiwe kwanza.

Majani ya zamani huenda yasirudi kunyooka, wala hilo lisimvunje mtu moyo. Dalili ya kupona hutazamwa chini: ncha mpya ya mzizi, yenye rangi ya kijani, ikitafuta njia. Ikionekana hiyo na kurefuka, mgeni amekwisha kuwa mwenyeji. Sasa apewe jembe lake, yaani mbolea kidogo na mwanga zaidi.