Si Kila Kitikisikacho Huanguka



Yako maswali ambayo Mkenya huyauliza kwa sauti ya chini, na mojawapo ni hili: je, serikali ikianguka, itakuwaje? Tumelisikia katika ua wa kanisa baada ya ibada, watu wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Tumelisikia katika baraza za mahakama, wateja wakingoja kesi zao ziitwe. Hivi majuzi mzee mmoja wa kanisa alitushika mkono akatuuliza, "Wakili, ninyi watu wa haki mnausukuma sana ukuta huu. Ukituangukia, mtatuficha wapi?" Hatukuwa na jibu la haraka. Wala hatukumcheka, kwa maana hofu yake ni yetu pia.

Sisi tumelelewa na hofu hiyo. Tulikuwa watoto wa shule ya msingi katika miaka ya mwisho ya utawala wa chama kimoja. Baba alipotaka kusikiliza habari za redio ya ng'ambo, alipunguza sauti, akakisogeza kiti, na mmoja wetu akatumwa aketi mlangoni aangalie kama kuna mgeni ajaye. Hatukuambiwa tunamwogopa nani. Tulijua tu kwamba nchi ni chombo cha udongo, na kwamba neno likisemwa kwa nguvu chombo kitavunjika.

Hofu hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko sisi. Mwaka 1976, palipokuwa na watu waliotaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike madaraka Rais akifariki, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alitoa onyo kwamba kuwaza kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Miaka miwili haikupita. Mzee Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, na kile ambacho kilikatazwa kuwazwa kikawa kimetokea. Je, nchi ilivunjika? Haikuvunjika. Katiba ilikuwa imesema kwamba Makamu wa Rais angeshika madaraka kwa siku 90, na Daniel arap Moi akayashika. Taifa lililokatazwa kuwaza kifo cha kiongozi liliokolewa na kifungu kilichoandikwa na watu waliokiwaza.

Hilo lilikuwa funzo kubwa, nasi tukalisahau upesi. Mwezi Juni 1982 kifungu cha 2A kiliingizwa katika Katiba, na KANU ikawa chama cha pekee kwa sheria. Tukaambiwa ni kwa ajili ya uthabiti. Haikupita hata miezi miwili, tarehe 1 Agosti, askari wa Jeshi la Anga wakajaribu kuipindua serikali. Mwaka 1986 kinga ya kutofutwa kazi ovyo iliondolewa kwa Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mwaka 1988 ikaondolewa kwa majaji. Mwaka huohuo wananchi walipanga mlolongo nyuma ya wagombea, na tukashuhudia mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa mrefu. Kila nguzo iliyong'olewa, iling'olewa kwa jina la kuimarisha nyumba.

Wengi wenu wazee wetu mnaukumbuka mwaka 1990 kuliko sisi. Mchungaji Timothy Njoya alihubiri siku ya Mwaka Mpya kwamba tawala zilizokuwa zikianguka Ulaya ya Mashariki zilikuwa na funzo kwa Afrika. Askofu Henry Okullu alinena, Askofu Alexander Muge alinena, na Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki alinena. Jibu walilopewa lilikuwa moja: vyama vingi vitaleta vita vya makabila. Watu walipokwenda Kamukunji tarehe 7 Julai 1990, walikutana na virungu, gesi na risasi. Hata hivyo kifungu cha 2A kilifutwa mwezi Desemba 1991.

Na vita vya makabila navyo vikaja. Hapa inafaa tuwe waangalifu, kwa maana ndipo hofu yetu ilipochanganyikiwa. Mapigano ya Bonde la Ufa yalianza mwezi Oktoba 1991, kabla ya kura yoyote ya vyama vingi kupigwa. Kamati ya Bunge ilichunguza mwaka 1992, na baadaye Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ikachunguza tena; zote mbili zikawanyoshea kidole wanasiasa na maafisa wa utawala. Tuliambiwa kwamba uhuru wa kusema utawasha moto. Uchunguzi ulipofanywa, kiberiti hakikupatikana mikononi mwa waliosema.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla ya kuogopa kuanguka, tujiulize ni nini kinachoanguka. Serikali ni watu waliopewa kazi kwa muda. Dola ni mahakama, Bunge, hazina, polisi, shule, hospitali na daftari la wapiga kura. Nchi ni sisi wenyewe na makubaliano yetu ya kuishi pamoja. Watawala hupenda tuyachanganye hayo matatu, ili anayetaka kuwabadilisha waliopewa kazi aonekane anataka kuibomoa nchi.

Tarehe 30 Desemba 2002 tulisimama katika bustani ya Uhuru Park, tukiwa wanafunzi wa chuo kikuu. Siku hiyo utawala wa chama kilichokuwa madarakani tangu uhuru ulifika kikomo mbele ya macho yetu. Rais Moi alikabidhi madaraka, Rais Mwai Kibaki akaapa akiwa katika kiti cha magurudumu. Kesho yake matatu zilibeba abiria, hospitali zilipokea wagonjwa, mama mboga walipanga nyanya zao. Serikali iliondoka; nchi ikabaki. Ukuta tuliofundishwa kuuogopa ulikuwa na mlango, na mlango huo ni kura.

Miaka mitano baadaye tuliona kinyume chake. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 serikali haikuanguka. Rais aliapishwa jioni, ving'ora vya magari vikalia, ofisi zikawa na wenyewe. Lakini nchi ndiyo iliyokaribia kuanguka. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, alisema hadharani kwamba hakujua kama aliyetangazwa mshindi alishinda kweli. Wapinzani wakakataa kwenda mahakamani, kwa sababu hawakuwaamini majaji. Refa hakuaminiwa wala hakimu hakuaminiwa, kikabaki kipi? Likabaki panga. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Pale Kiambaa, karibu na Eldoret, waliokimbilia kanisani walichomwa humo tarehe 1 Januari 2008.

Mwezi Februari mwaka ule, tukiwa mawakili wachanga, tuliketi kwenye meza ya mbao katika ua wa kanisa lililojaa wakimbizi wa ndani, tukiandika hati zilizopotea: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, hati za mashamba. Mama mmoja alipofika mbele yetu hakuwa na cha kuandikisha. Alifungua kiganja akatuonyesha ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuteketea. Akauliza kama kisheria aendelee kuutunza. Tulimwambia autunze. Mpaka leo hatujui kama tulimwambia kweli, au kama tulishindwa tu kumtazama usoni na kunena vinginevyo.

Tunapofikiria kuanguka kwa serikali, hatuwazi ikulu. Tunauwaza ufunguo ule.

Ndiyo maana hatutawaunga mkono wale wasemao, kwa hasira iliyo na sababu zake, "Na yaanguke yote." Majirani zetu walioijaza kambi ya Dadaab tangu mwaka 1991 watatueleza maana ya neno "yote". Siad Barre alipokimbia Mogadishu mwezi Januari mwaka ule, hakuacha mahakama iliyoaminiwa, wala bunge, wala tume. Alikuwa amevifanya vyote kuwa mali yake kwa zaidi ya miaka 20. Alipoondoka, vikaondoka naye. Mtawala aliyejifanya nguzo ya pekee ndiye anayehakikisha kwamba siku yake ya kutoka paa litashuka.

Lakini vilevile hatuwezi kuwaunga mkono wasemao, "Nyamazeni, msije mkaibomoa nyumba." Waumini mnayajua yaliyompata Rehoboamu mwana wa Sulemani. Watu walimwendea Shekemu, tena kwa adabu, wakamwomba awapunguzie nira nzito aliyowatwika baba yake, nao wangemtumikia. Wazee wakamshauri awasikilize. Yeye akawafuata vijana aliokua nao, akaapa kuizidisha nira. Ufalme ukapasuka siku ile, usiunganike tena. Tafadhali angalieni ni nani aliyeupasua. Si waliobeba nira wakaomba nafuu. Ni aliyeyasikia maombi akayahesabu kuwa uasi.

Sisi nasi tumeyaona hayo. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliupinga Mswada wa Fedha mpaka wakaingia ndani ya Bunge, na risasi zikawapokea. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia sahihi mswada ule. Tarehe 11 Julai akawaachisha kazi karibu mawaziri wote. Je, nchi iliporomoka kwa sababu mswada uliondolewa? La. Nira ilipunguzwa kidogo, na nyumba ikasimama. Kilichobaki na ufa ni jambo jingine: watoto wa watu waliozikwa, na vijana waliochukuliwa na watu wasio na sare, katika magari ambayo hakuna aliyekubali kuwa ni yake. Dola inayomkamata raia bila kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, kama Katiba inavyoagiza, inajing'oa yenyewe kwa mikono yake.

Tena uko ubomoaji usio na kelele. Tangu mwezi Januari 2023 hadi Julai 2025 Tume ya Uchaguzi ilikaa bila mwenyekiti na bila kamishna hata mmoja aliyekuwa kazini. Watu wa Banissa, huko Mandera, walimpoteza mbunge wao mwezi Machi 2023, na hawakupiga kura ya kumchagua mwingine mpaka Novemba 2025. Hakuna tairi lililochomwa kwa ajili hiyo, wala hakuna aliyehutubia taifa. Hata hivyo refa wa taifa hakuwapo uwanjani kwa zaidi ya miaka miwili, ilhali tuliona mwaka 2007 refa asipoaminiwa kunakuwaje. Usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi tulikwisha kuujenga ukuta mara moja, kwa gharama ya maisha ya watu.

Yako pia ya kutia moyo. Katiba ya mwaka 2010 ilitupa njia ambazo wazee wetu hawakuwa nazo. Asiyeridhika na matokeo ya urais ana siku 7 za kuwasilisha malalamiko, na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika. Siku hiyo tulilia mahakamani, mawakili wazima, kwa sababu tuliukumbuka mwaka 2008.

Kwa hiyo tunamjibu mzee wetu hivi. Mzee, tunaogopa pamoja nawe, lakini tuitumie hofu yetu ipasavyo. Tusiitumie kunyamaza. Tuipeleke mahali palipo na ufa. Kila parokia na kila ushirika uwe na watu wanaokijua kifungu cha 37, kinachompa raia haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, na waifundishe haki hiyo pamoja na wajibu wake. Uchaguzi mkuu ambao Katiba imeuweka mwezi Agosti 2027 usikute daftari halina vijana wetu. Siku ya kura, pawe na macho ya waaminifu katika kila kituo, yaiangalie fomu 34A ikijazwa, ikitiwa sahihi na kubandikwa mlangoni. Mawakili tuandike majina ya waliokamatwa, na tuandamane nao mpaka mbele ya hakimu, hata kama hakuna ada.

Na madhabahu yawe huru. Mwezi Novemba 2024 Jimbo Kuu la Katoliki la Nairobi lilikataa fedha ambazo Rais alizitoa katika parokia ya Soweto. Kanisa lililopokea mabati ya mwanasiasa litamkemea kwa ulimi gani? Paa likivuja litazibwa. Ulimi uliouzwa haurudi.

Kuta zilizobomoka Yerusalemu hazikujengwa na watu waliokuwa hawaogopi. Nehemia na wenzake walijenga kwa mkono mmoja, na mkono wa pili wakashika silaha, kwa sababu walikuwa na sababu ya kuogopa. Kila mtu alijenga sehemu iliyoielekea nyumba yake. Nasi hatuna silaha ila Katiba, na hatuna ukuta ila ule ulio mbele ya nyumba ya kila mmoja wetu. Tuanzie hapo, ili yule mama, popote alipo, siku moja auone mlango ambao ufunguo wake utaufungua.