Mgeni Njoo, Msitu Upone

Wengi wetu wa pwani Meru twaijua kwa miraa, iteremkayo kila siku ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba. Lakini siku hizi, sikukuu na likizo za shule zinapoingia, watu wetu nao hupanda kwenda huko kutembea. Jambo hili ni jema, maana mwenye kutembea huona mengi. Linalotutia wasiwasi ni kile tunachokiacha nyuma.

Msitu wa Imenti umepakana na mji wa Meru, na ndani yake limo Ziwa Nkunga, ambalo wenyeji tangu kale wamelihesabu kuwa mahali patakatifu. Embu nayo ina msitu wa Njukiri karibu na mji, na huko chini iko Hifadhi ya Mwea, iliyotengwa mwaka 1976, kando ya bwawa la Kamburu. Mahali palipo karibu na mji ni rahisi kufika, na ni rahisi kuchafua. Mtu hula, hunywa, akatupa chupa kichakani, akapanda gari akaenda zake.

Wako watakaouliza: hayo ni ya wenyeji, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mito ya Kathita upande wa Meru na Rupingazi upande wa Embu hutoka Mlima Kenya, na maji yake huishia katika Mto Tana, upitao Garissa na Garsen hadi kumwagika baharini Kipini. Msitu ukiharibika huko juu, atakayeumia huku chini ni mkulima wa Kipokomo na mvuvi wa Kipini.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tarehe 5 Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumiwa mara moja katika hifadhi, misitu na fukwe. Sheria ipo, lakini askari hawezi kusimama nyuma ya kila mti. Wazee wa Njuri Ncheke, wenye makao yao Nchiru, waliilinda miti kwa heshima na mwiko, kama Wamijikenda walivyozilinda kaya zao. Si lazima Mwislamu ashiriki mila hizo ndipo apaheshimu mahali pa watu. Dini yetu imetufunza kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Basi itakuwaje sisi tuwe ndio wenye kuuweka?

Ushauri wetu ni mwepesi. Mwenye kukodi basi la matembezi achukue gunia la taka, na arudi nalo mjini. Walimu wa shule na madrasa wawafunze watoto kabla ya safari, si baada yake. Nao wenyeji wasione haya kumkanya mgeni.

Wameru hutuletea mzigo wao umefungwa kwa jani la mgomba. Na sisi tukienda kwao tubebe chakula katika vyombo vya kurudi navyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Isiwe mgeni ameondoka, mwenyeji yuko nyuma anaokota taka.