Tusiweke kivuko cha Yordani kwenye mimbari

KILA mwaka, Jumapili ya Pentekoste, msomaji wa somo la Matendo ya Mitume hukutana na mtihani. Sura ya pili inaanza vizuri kwa upepo na ndimi za moto, kisha ghafla inakuja orodha: Waparthi, Wamedi, Waelami, Mesopotamia, Kapadokia, Ponto, Frigia, Pamfilia. Msomaji anapunguza mwendo, anameza mate, anajaribu. Kwenye viti vya nyuma vijana wanabinyana. Mbele, mzee mmoja anatikisa kichwa. Baada ya ibada atapatikana mtu wa kumwita msomaji yule "Pamfilia" mwezi mzima.

Ndugu msomaji, jambo hili linaonekana dogo, lakini limewaondoa watu kwenye huduma. Katika sharika na parokia zetu wapo akina mama na wazee wenye imani iliyokomaa ambao ukiwaomba wasome Neno wanakataa. "Mpe mwalimu asome," wanasema. Hawaogopi Neno, wanaogopa kuchekwa.

Kuhusu matamshi haya waumini wana maoni mawili. Wapo wanaosema Maandiko ni ya Mungu, hivyo kila jina litamkwe inavyotakiwa, na asiyeweza akae chini. Wapo wanaosema Mungu anaangalia moyo, kwa hiyo soma utakavyo. Kila upande una ukweli wake. Lakini kabla hatujachagua, tukumbuke kwamba Biblia yenyewe ina habari ya watu waliopimwa kwa matamshi, na habari hiyo inatisha.

Iko katika Waamuzi sura ya 12. Baada ya vita kati ya watu wa Gileadi na watu wa Efraimu, Wagileadi waliviteka vivuko vya mto Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Waefraimu hawakuwa na sauti ya "sh" vinywani mwao, wakasema Sibolethi. Aliyesema hivyo alikamatwa na kuuawa palepale. Maandiko yanataja watu 42,000 wa Efraimu walioanguka wakati ule. Hawa hawakuwa mataifa ya mbali. Walikuwa makabila mawili ya Israeli, wana wa baba mmoja, wanaomwabudu Mungu mmoja.

Sasa tazama jambo la ajabu. Jina la Mwokozi wetu kwa watu wa nyumbani kwake lilikuwa Yeshua, na ndani yake imo ile "sh". Lakini Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na Kigiriki hakina sauti hiyo. Waandishi wa Injili wakaandika Iesous, kwa "s", wakaongeza na mwisho unaofaa majina ya kiume katika lugha ile. Kwa maneno mengine, Injili ilianza safari yake duniani katika lugha ambayo pale kivukoni ingeshindwa mtihani. Mungu hakuizuia, aliivusha.

Kutoka hapo jina liliendelea kubadilika. Sisi tunasema Yesu. Waarabu Wakristo husema Yasu. Nchini Rwanda Wakatoliki husema Yezu na Waprotestanti husema Yesu, na wote wanaomba kwa Bwana yuleyule. Hapa kwetu Mkatoliki ana Yohane na Mlutheri ana Yohana, na ni mbatizaji mmoja, mto mmoja, ujumbe mmoja wa toba.

Nasema haya kwa sababu siku hizi wapo wanaofundisha kwamba usipolitamka jina la Mungu au la Mwanawe kwa Kiebrania, sala yako haifiki. Wanaotafuta kuijua Biblia kwa undani nawaheshimu. Lakini Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti, na alama za irabu ziliongezwa na wataalamu wa Kiyahudi karne kadhaa baada ya Kristo. Jina la Mungu lenye herufi nne, Wayahudi wenyewe waliacha kulitamka kwa uchaji, wakasoma "Bwana" mahali pake. Kama mitume waliomjua Yesu kwa macho hawakuona hatari kumhubiri kwa matamshi ya Kigiriki, sisi tunapata wapi ujasiri wa kumtisha bibi anayeomba kwa Kiswahili cha kijijini kwao? Anayesema "zambi" na anayesema "dhambi" wote wanahitaji toba ileile, na wote wanasamehewa kwa damu ileile.

Mkumbuke Petro. Usiku ule uani kwa kuhani mkuu, lafudhi yake ya Galilaya ndiyo iliyomfichua mbele ya watu, naye akaapa kwamba hamjui Yesu. Siku ya Pentekoste umati ulishangaa kuona wanaonena ni Wagalilaya. Petro akasimama akahubiri, na kama watu elfu tatu wakabatizwa. Roho Mtakatifu hakusubiri Wagalilaya wanyooshe ulimi.

Je, basi tusome ovyo? Hapana. Katika Nehemia sura ya 8, torati ilisomwa kwa ufasaha na kufafanuliwa ili watu waelewe. Shabaha ilikuwa kueleweka. Msomaji anayefungua Biblia kwa mara ya kwanza akiwa tayari mbele ya watu hajaliheshimu Neno. Somo lisomwe nyumbani Jumamosi, kwa sauti, mara mbili au tatu. Neno gumu ulizwe mapema kwa mchungaji, katekista au mwenzako. Ukifika kwenye jina gumu, ligawe silabi kwa silabi, litamke kwa utulivu, endelea. Na anayejua zaidi amsahihishe mwenzake faraghani, kabla ya ibada, kwa upole.

Lipo pia jambo moja ambalo wale wanaodai matamshi sahihi wanasema kweli, nalo ni majina ya watu walio hai. Mwelami hayupo kanisani kusikia ukimkosea, lakini mama mgeni aliyehamia mtaani kwenu yupo. Jina lake la Kisukuma linaanza na "Ng'w", au la Kinyakyusa lina "ky" katikati, na kila Jumapili linatangazwa vibaya huku watu wakicheka, mpaka anaomba aitwe "Mama Fulani" tu ili yaishe. Katika Yohana sura ya 10 mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Anayejitahidi kulitamka jina la mgeni anamwambia: hapa ni nyumbani kwako.

Inashangaza kwamba mara nyingi tunafanya kinyume. Tunakuwa wakali kwa majina ya miji iliyokwisha kuwa magofu, na wazembe kwa jina la jirani tunayeshiriki naye meza ya Bwana. Kumuuliza mtu "Jina lako linatamkwaje?" hakugharimu kitu, na kulirudia mpaka atabasamu ni sehemu ya upendo.

Ndugu yangu, Jumapili hii mtu akikwama mbele ya kanisa kwenye jina gumu, usicheke wala usimkonyeze jirani. Mwombee kimya, na ukitoka nje mshukuru kwa kusoma. Kisha mtafute yule ambaye jina lake kanisa limekuwa likilikosea, ujifunze kulitamka.