Kigwe cha Mgongoni Kilivutwa na Nani?

Ndugu msomaji, mwanamke wa kwetu ajifungapo kibwebwe hujifunga kwa mikono yake, kisha huingia kazini. Leo natutazame koseti, vazi la kukaza kiwiliwili lililovaliwa Ulaya katika karne ya 18 na ya 19. Mahali lilipofungwa palionyesha mengi juu ya hali ya aliyelivaa.

Katika karne ya 18, vazi hilo liliimarishwa kwa matete au fito zitokazo kinywani mwa nyangumi. Kigwe kilikuwa kimoja tu. Ncha moja ilipigwa fundo, nayo ya pili ikazunguka kushoto na kulia mpaka mwisho. Tundu zilishonewa ukingo kwa uzi, mfano wa tundu za vifungo vya shati. Fundi stadi hakuzipanga zikabiliane, bali alizipishanisha. Zikikabiliana, kigwe kimoja huvuta upande mmoja juu, na vazi zima likakaa upogo.

Bibi tajiri alifungwa mgongoni, na mtumishi ndiye aliyevuta. Mwanamke wa kazi, asiye na mtumishi, mara nyingi alivaa lililofungwa kifuani, akajikaza kwa kadiri kazi na pumzi zilivyomruhusu.

Mwaka 1828 zilisajiliwa mjini Paris pete za madini za kuimarisha tundu. Tundu hazikuchanika upesi kama zamani, basi kigwe kikaweza kuvutwa kwa nguvu zaidi. Baadaye ikaenea njia ya kupishanisha kigwe mfano wa kamba za viatu, na kuacha vitanzi viwili kiunoni. Kilipoongezwa kishikizo cha chuma cha mbele, kifungukacho sehemu mbili, hata mwenye kufungwa mgongoni aliweza kuvaa na kuvuta vitanzi mwenyewe.

Kwa hiyo, wenzetu wa vikundi vya maigizo mnaoshona magauni ya kale, msisahau funzo hili. Anzeni kukaza juu na chini, mkielekea kiunoni, kidogo kidogo. Kabla ya kufungua kishikizo cha mbele, legezeni kigwe chote kwanza. Na zaidi ya yote, anayevuta amwulize anayevaa: "Dada, unapumua vyema?" Akishindwa kujibu kwa sauti ya kusikika ukumbini, mlegezeni. Gauni huvaliwa na mtu, na mtu huyo ana mapafu.