Viatu vya Idi na Nyayo za Mtoto

Idi ya Mfunguo Mosi mwaka huu nilikwenda kuila Voi, kwa binti yangu aliyeolewa huko. Mjukuu wangu, ambaye hajatimiza miaka miwili, alikuwa amenunuliwa viatu vyeusi vya ngozi, vigumu kama ubao. Alipovishwa alitembea kama bata, kila hatua tatu chini. Baada ya sala nikamvua, nikamwacha uani juu ya udongo ule mwekundu unaowatia rangi hata ndovu wa Tsavo. Kufumba na kufumbua alikuwa akikimbiza kuku. Mamake akatoka jikoni mbio: "Baba, mvishe mtoto viatu! Majirani watasema hatuna uwezo."

Nilimvisha, kwani siku ya Idi si siku ya ugomvi. Lakini maneno yale nimerudi nayo Mombasa, na leo nayaweka mbele yako, ndugu msomaji.

Simlaumu binti yangu. Huko Taita Taveta, kama huku kwetu pwani, mguu mtupu ulikuwa alama ya ufukara. Wengi waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate, na watoto walioteremka vilima vya Wundanyi kwenda skuli asubuhi ya baridi, hawakuwa na viatu, wala hapana aliyewauliza kama wavitaka. Mzazi aliyepitia hayo akipata shilingi, jambo la kwanza ni kumvisha mwanawe. Hiyo ni huruma. Walakini huruma nayo yataka elimu.

Mifupa ya mguu wa mtoto mdogo bado ni laini. Ule uvungu wa wayo, umsaidiao mtu kusimama na kutembea, hujijenga polepole katika miaka ya mwanzo, kwa kukanyaga, kupanda na kung'ang'ania ardhi kwa vidole. Samaki hukunjwa angali mbichi, nasi twamkunja mtoto kwa kiatu. Mwaka 1992 madaktari wawili wa India, Rao na Joseph, walitangaza waliyoyaona kwa watoto 2,300 wa umri wa miaka 4 hadi 13. Katika waliozoea viatu, zaidi ya 8 kwa kila 100 walikuwa na nyayo bapa. Katika waliokwenda peku, hawakufika 3. Tena wayo wa mtoto hukua upesi. Kiatu kilichomtosha Mfunguo Mosi huenda kikambana kabla ya Maulidi ya Mfunguo Sita, naye hana ulimi wa kusema kwamba kidole chauma.

Wala dini haikulitia jambo hili aibu. Nabii Musa aliamrishwa avue viatu katika bonde takatifu la Tuwa. Na katika mapokezi ya Abu Daud, sahaba Fadhala bin Ubaid, naye ni mtawala, aliulizwa mbona hana viatu. Akajibu kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwaamrisha waende peku baadhi ya nyakati.

Tulishike neno hilo: baadhi ya nyakati. Sisemi watoto waachiliwe vichakani. Voi ina miiba ya migunga, nge na nyoka, na mchanga wake wa adhuhuri huunguza. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya wayo pale ardhi ilipochafuliwa kwa kinyesi. Funza hukaa katika vumbi la nyumba isiyosakafiwa, na penye mifugo. Mtoto aendaye chooni, dukani, skuli au malishoni avae viatu, tena achanjwe pepopunda. Mahali pake pa kwenda peku ni ndani ya nyumba, mkekani, na ua uliofagiwa, asubuhi na jioni jua likiwa limepoa, na mtu mzima yu karibu.

Yatupasa pia tutenganishe mambo mawili. Mtoto anayevuliwa viatu uani ili acheze si sawa na mtoto asiye na viatu kabisa. Wa kwanza twamfaidi, wa pili twamdhulumu. Kwa hiyo pesa za kiatu kigumu cha mtoto wa mwaka mmoja zitafaa zaidi zikimnunulia viatu nduguye mkubwa, anayekata njia ya mawe na miiba kila siku kwenda skuli. Mdogo yamtosha kiatu laini cha kutokea, chenye nafasi mbele ya vidole.

Juzi nilimpigia simu binti yangu. Akaniambia vigae na misumari imeokotwa, ua wafagiwa kila asubuhi, na mtoto hucheza peku. Nikamuuliza habari za viatu vya Idi. Akacheka, akasema, "Baba, vyamkaza. Havimwingii tena."