Sinema Si Mchezo Tu

Wapo wanaosema: «Sinema ni mchezo tu. Mtu anatazama, anacheka, anarudi nyumbani, mambo yamekwisha.» Sisi twasema: hapana. Picha inafundisha kama mwalimu, tena inafundisha bila kuomba ruhusa. Asiyesadiki na asikilize habari za Paul Robeson.

Mtu huyo, Mmarekani mweusi, alizaliwa mwaka 1898 mjini Princeton. Baba yake alikuwa amezaliwa mtumwa, akatoroka, akawa mchungaji wa Waprotestanti. Mwana alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akaiacha kazi hiyo, akawa mwimbaji wa sauti nzito na mchezaji wa sinema aliyejulikana Marekani na Ulaya. Tena aliipenda Afrika kwa moyo: huko London alijifunza lugha za Waafrika, na Kiswahili kilikuwa mojawapo.

Basi, mwaka 1935 ilitoka sinema ya Waingereza iitwayo Sanders of the River. Robeson alikubali kucheza ndani yake, akidhani kwamba ulimwengu utaona heshima ya mila za Afrika. Kumbe! Picha zilipokwisha kukatwa na kuunganishwa, zilisema neno lingine. Mtawala mzungu akiwapo, kuna amani. Akiondoka, machifu wanapigana. Akirudi, wote wanatulia kama watoto walioonwa na baba yao. Sauti nzuri ya Robeson ikatumiwa kumsifu mtawala. Mwenye mkasi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Baadaye Robeson aliikana sinema ile waziwazi.

Tena tazameni ajabu hii. Kati ya watu weusi waliokodiwa kuonekana kidogo tu katika sinema ile, alikuwamo Jomo Kenyatta. Mwaka 1963 mtu huyo aliiongoza Kenya kupata uhuru wake. Sinema ilisema Waafrika hawawezi kujitawala, na huyo alikuwa amesimama mbele ya kamera yao! Nani basi alikuwa kipofu?

Mwaka 1942 Robeson alicheza katika sinema ya Hollywood, Tales of Manhattan. Koti lenye feza nyingi linaanguka kutoka katika ndege, na wakulima weusi maskini wanadhani ni Mungu aliyewatupia. Robeson alitumaini kuonyesha taabu ya maskini na namna wanavyogawana. Badala yake, sala ya watu wale ikawa kichekesho. Hapo akasema imetosha. Akaiacha Hollywood, wala hakurudi. Alipoteza feza, akalinda heshima.

Mtu atatujibu: «Mbona mnamsifu rafiki wa Wakomunisti?» Ni kweli, alimsifu Stalin, na mwaka 1952 alipewa tuzo yenye jina la mtawala huyo, aliyewatesa watu wengi na kulionea Kanisa. Katika jambo hilo hatumtetei hata kidogo: aliyeukataa uongo wa Hollywood hakupaswa kuunyamazia uongo wa Moscow. Lakini kosa la mtu halifuti neno la kweli alilosema. Wala serikali ya Marekani haikutenda haki ilipomnyima pasipoti tangu mwaka 1950 hata 1958, ili asiende kuimba wala kusema katika nchi nyingine. Robeson alikufa mwaka 1976. Swali alilotuachia halikufa.

Ninyi wazazi, leo sinema haiko mjini tu. Imo katika simu, mkononi mwa mtoto. Msimwambie kwamba ni mchezo. Ketini naye, mkamwulize: Nani ameitengeneza picha hii? Nani anasifiwa humo, na nani anachekwa? Mtu mweusi amewekwa wapi? Maskini je? Na yeye anayesali? Robeson alikuwa mtu mzima, mwenye elimu na jina kubwa, naye alidanganywa akiwa ndani ya picha yenyewe. Mtoto wa miaka 10 atajilinda namna gani peke yake? Msipomfundisha ninyi, atafundishwa na mwenye mkasi.