Tarehe Iliyogeuzwa na Kompyuta
Mgonjwa wa shinikizo la damu amepangiwa kurudi 05/03, yaani Machi. Jedwali la kompyuta lenye mpangilio wa Marekani huisoma kuwa Mei 3. Dawa humwishia, wala jina lake halitokei miongoni mwa wasiofika kliniki. Tarehe 25/03 afadhali: mwezi wa 25 haupo, hivyo hubaki maandishi na kosa huonekana. Zinazoponza ni siku 12 za mwanzo wa mwezi. Kubadili mwonekano wa seli baadaye hakusaidii, kwani thamani imekwisha kuhifadhiwa. Naona safu ipangwe kabla ya kujazwa, mwaka ukitangulia: 2025-03-05. Nambari ya faili 00412 nayo iwekwe kama maandishi, isipoteze sifuri zake. Nawe mgonjwa, omba mwezi uandikwe kwa herufi kwenye kadi yako.